Gamay Katika Pipa la Pinot

Zélie Bourgoin alikuwa mwoga tangu utoto, wala hakujificha. Aliogopa radi, aliogopa mapadri, aliogopa hata ng'ombe wa baba yake aliowakamua kila alfajiri kule milimani Morvan. Alipoolewa na Lucien na kuteremshwa kwenye mashamba ya mizabibu karibu na mji wa Beaune, aliongeza hofu moja iliyozipita zote: mdomo wa baba mkwe wake, mzee Anthelme.

Mdomo huo ulijulikana mteremko mzima wa mizabibu. Walisema mpe mzee funda moja la mvinyo, atakutajia shamba, mwaka, na kama mvunaji siku hiyo aligombana na mkewe. Watu wa kule hawajambo kwa kutia chumvi, lakini hata ukiiondoa, kilichobaki kilitosha kumpa mtu tumbo joto.

Ni yeye aliyemfundisha Zélie. Kila Jumamosi kabla ya chakula, mdomo ukiwa na njaa, walishuka na mshumaa kwenye ghala la chini, wakaonja mvinyo wa zabibu za Gamay kwanza, kisha wa zabibu za Pinot. Mzee alimwambia kwamba Gamay anapiga hodi toka barabarani, wakati Pinot anaingia kimya na hasemi neno mpaka akae. Zélie alilishika somo. Gamay ilimrukia ulimini na utamu wa stroberi, ikamchangamsha, halafu ikaondoka bila kuaga. Pinot ilikuwa na rangi hafifu hata ungeidharau, lakini ilijitandaza taratibu: cheri zilizoiva, majani yaliyolowa msituni, udongo baada ya mvua, na ukakasi mwembamba uliokaa kooni muda mrefu. Zote zilikuwa na uchachu wa nchi ya baridi, ule wa kutoa mate, na asiyejua huziona ndugu wa tumbo moja.

Lucien alipoitwa jeshini na kupelekwa Algeria, mzee alimkabidhi mkwewe ufunguo wa ghala. Majirani walichekea pembeni kwamba mkamua maziwa kapewa mapipa. Basi Zélie akafanya kazi kwa roho mkononi, hasa ile ya kujazia. Majira ya baridi pipa hunywa mvinyo wake lenyewe kupitia mbao, na nafasi ikibaki juu, hewa huugeuza siki. Kwa hiyo kila pipa hujaziwa, na hujaziwa kwa mvinyo wa aina yake tu.

Mwezi wa pili baridi ilikaza. Pete ya chuma ya pipa moja la Pinot ikalegea, na Zélie akalikuta limevuja karibu robo. Aliigonga pete kwa nyundo mpaka ikakaa, halafu akaanza kukinga mvinyo kwa ndoo kutoka pipa la akiba alilodhani ni la Pinot na kumimina, ndoo juu ya ndoo, akiomba mzee asishuke akaiona aibu ile. Mwenye akili zake angeonja ndoo ya kwanza. Zélie siku hiyo hakuwa nazo, hofu ilikuwa imeshazichukua. Kesho yake alipoonja, Gamay ilikuwa inapiga hodi ndani ya nyumba ya Pinot.

Mvinyo ukishachanganyika hautenganishwi. Ule wa mseto una jina lake, jina la chini, na huuzwa kwa jina hilo bila aibu. Aibu ni kuuuza kama Pinot. Bwana Jacquemard, dalali kutoka Beaune, angekuja kuonja Jumamosi ya wiki ileile, na akigundua yeye, akina Bourgoin wangeitwa wezi mteremko mzima. Akigundua mzee, ufunguo ungerudi, na Zélie angeishi chini ya dari moja na baba mkwe asiyemwamini tena. Mficha uchi hazai, anajua hata mtoto, lakini Zélie alinyamaza. Alikuwa hali chakula, na supu aliyompikia mzee aliitia chumvi mara mbili.

Jumamosi walishuka. Mzee akaonja Gamay, akatema. Akaenda kwenye lile pipa, akachota, akauzungusha mvinyo mdomoni taratibu huku akimkazia macho mkwewe. Zélie alimeza haraka funda lake, akatazama chini.

"Safi," mzee akasema. "Hili ndilo tutamwonjesha dalali kwanza."

Hapo ndipo alipoogopa kwelikweli. Mdomo ule usingeweza kukosea namna hiyo, mchanganyiko ulikuwa wazi hata kwa mtu wa maziwa. Nje gari la dalali likapiga honi uani. Zélie akaona yatakayotokea: mzee akiusifia mvinyo ule mbele ya mtu wa Beaune, na mtu wa Beaune akionja.

"Baba, hilo lina Gamay," akasema. "Lilivuja, nikalijazia mvinyo wa pipa silo. Mimi ndiye. Nifukuze ukitaka, lakini usimwonjeshe."

Mzee hakukasirika. Aliketi juu ya gogo.

"Tangu ile homa niliyougua wakati wa Noeli sisikii ladha, mwanangu," akasema. "Maji, supu, Pinot, vyote kimoja. Nimekuwa naonja kwa kukutazama wewe. Ukimeza polepole, najua mzuri. Leo umemeza mbio, nikadhani unamwogopa Jacquemard."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Zélie alimhurumia mzee, kisha akajihurumia mwenyewe. Viatu vya dalali vikasikika ngazini.

Bwana Jacquemard alisalimu, akasugua viganja vyake vilivyoganda, akauliza waanze na lipi. Zélie akamwambia pipa hili ni la mseto, limechanganyika kwa mkono wake, liuzwe kwa jina la chini. Dalali alionja, akakubali kwa kichwa, kisha akamgeukia mzee kuuliza kama ndivyo. Mzee akauzungusha mvinyo mdomoni kama alivyozoea maisha yake yote, akautema, akasema ni kama alivyosema mkwewe.

"Na katika yaliyobaki, mzee, lipi bora?"

Mzee alimtazama Zélie.

Zélie akachota pipa la kwanza, akahisi ulimi wake mkavu kama kitambaa, kwa hofu hata ladha ya cheri haikuja. Hakuwahi kuogopa hivi, hata siku pipa lilipovuja. Siku ile aliogopa kugunduliwa. Sasa akikosea, ndani ya nyumba ile hapakuwa na mdomo mwingine wa kumgundua. Akasukutua kwa maji, akavuta pumzi, akaanza upya, akayaonja mapipa yote moja baada ya jingine, bila haraka, wanaume wawili wakimngoja kwenye baridi.

"Lile la ukutani," akasema.

Dalali akaenda moja kwa moja, akalitia alama ya chaki ya kulinunua, wala hakuonja.