Nilivyoonja Glasi za Wageni

Mwaka 1958, nikiwa na miaka kumi, mama alifariki. Nikaacha darasa la pili, nikaenda kuwachotea maji wapika pombe wa Kisesa. Chuo changu ndicho hicho, na sikionei aibu.

Miaka mingi baadaye, serikali iliporuhusu biashara binafsi, nikapata leseni ya pombe kali ya mahindi. Niliilaza kwenye mapipa ya mbao hadi ikawa na rangi ya asali, lakini haikuwa na mnunuzi. Mwaka 1996 meneja wa hoteli moja mjini akaniita.

"Mama, wachanganyie wageni wangu sita pombe yako. Wakiipenda, nitachukua kila mwezi. Wakiikataa, basi tena."

Nikachanganya na ndimu, asali na barafu. Sasa, kwetu mwenye pombe huonja kwanza, mgeni ajue haina sumu. Nikapiga funda kwenye glasi ya kwanza, ndipo nikamkabidhi mgeni. Ya pili vivyo hivyo. Wakazishika tu bila kunywa. Mimi mjinga nikadhani ni heshima, nikaongeza mafunda. Ya sita niliinywa nusu.

Meneja akainua glasi moja kwenye mwanga. Midomo yangu niliyoipaka samli ilikuwa imejichora ukingoni, na glasi zote sita zilikuwa hivyo hivyo.

"Mama! Umewapa wageni mabaki?"

Mmoja wa wageni, mzee wa Bukoba, akaangua kicheko.

"Hata kwetu asiyeonja hauzi. Nipe hiyo nusu."

Akaimaliza, akaomba nyingine. Wenzake nao wakanywa, na meneja akaanza kuchukua kila mwezi.

Leo nina kiwanda Mkolani, mapipa arobaini, nyumba mbili, lori moja na ng'ombe kumi na tisa.