Mvua ya Unguja katika Kitabu cha Maskati

Siku ya kwanza kazini, mtaa wa Al Khuwair hapa Maskati, nilipewa meza, kalamu na miezi mitatu ya majaribio. Nikishindwa, nnarudi nyumbani. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika vitabu vya historia vya watoto. Kwa Kiarabu, naam, na mimi mzaliwa wa Unguja, kichwani nnafikiri Kiswahili.

Muswada wangu wa kwanza, yaani maandishi kabla hayajapigwa chapa, ulihusu utoto wa zamani wa Maskati. Niliuandika kwa raha, wallahi! Watoto wanaoga mvua, maji yanamwagika kutoka mapaani, asubuhi wanakula shelisheli. Mhariri Mkuu, mzee wa Maskati khasa, akausoma, kisha akanitazama juu ya miwani.

“Binti, mvua yote hii ya wapi?”

“Ya masika, ustadh.”

“Masika gani? Mimi nimekulia Maskati. Mvua ikinyesha tulikuwa tukiitana tutoke tuitazame!”

Mweh! Nilitamani ardhi inimeze. Watoto wa watu nimewapa utoto wangu mimi. Akaupiga ukurasa mstari mwekundu, nikajua kazi imekwenda.

“Hujasema uongo,” akasema. “Umeandika kwenu. Sasa nenda kaulize.”

Akanipeleka kijiji cha Bustan kwa shangazi yake. Nilikaa na bibi yule wiki nzima, na habari za wafalme sikumuuliza. Nilimuuliza utotoni mwao walikula nini, na joto likizidi walilala wapi. Juu ya paa, akasema, wamejifunika shuka zilizorowekwa maji. Hayo ndiyo niliyoandika, na kazi nikaipata.

Tangu hapo kila muswada nilimsomea kwanza mtu aliyeyaona mambo yenyewe. Akicheka pasipochekesha, nnafuta. Wakubwa walibadilika, wengine wakali kweli kweli, lakini desturi hiyo sikuiacha.

Sasa nimestaafu, na moyo wangu umetulia, alhamdulillahi. Juzi mjukuu wangu Shamsa, mzaliwa wa hapa, kaniletea insha ya shule: “Bibi yangu alipokuwa mtoto Unguja, alicheza chini ya mitende. Joto likizidi, aliwasha kiyoyozi.”

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Akanuna.

“Nimekosea wapi, Bibi?”

“Umeandika kwenu, mwanangu. Kaa hapa uniulize.”

Nikafungua kabati, nikamtolea ule ukurasa wangu wa mvua, mstari mwekundu bado umeukata.

“Huu utie kwenye insha yako,” nikamwambia. “Hapo ndipo pake.”