Chumvi ya Mayu

Nina ubishi wa kuzaliwa, na maabara ilinifundisha kuuita ushahidi.

Mwaka ule nilikuwa chuoni, nakuza seli za utumbo wa binadamu kwenye visahani vya plastiki na kuzilisha maji yaliyokamuliwa kwenye vyakula vya kuchoma. Sukari na protini zikikutana kwenye moto mkali huungana, ndiyo ile rangi ya kahawia tunayoigombania. Nilitaka kujua kama kinachozaliwa hapo ni sumu. Nyama ya kuchoma niliichukua kwa mama yangu, mayu kwa lugha ya kwetu, anayewauzia wachimbaji wa dhahabu pale Segese. Nyingine, ya bucha lile lile analonunua yeye, niliichemsha mwenyewe, nipate cha kulinganisha.

Seli hai hugeuza dawa ya njano kuwa zambarau. Zilizolishwa nyama ya kuchemsha ziligeuza vizuri. Za nyama ya mama zilibaki njano, zimekufa zote. Nilirudia mara tatu, kisha nikapanda basi.

"Shikamoo, mayu. Zima jiko. Nyama yako inaua."

"Marahaba. Inaua nani?"

"Seli."

Wateja walisikia, na iliniuma kumwona akiinamisha uso. Lakini mama anaiamini shule kuliko ninavyoiamini mimi. Alizima. Siku nne aliuza supu, wachimbaji wakahamia kwa jirani huku wakimtania kwamba amefungua wodi. Mimi sikutetereka.

Siku ya tano, tukila, akauliza, "Ile uliyochemsha, uliitia chumvi?"

Tangu utoto nimemwona akiirashia nyama maji ya chumvi kila anapoigeuza, hadi nikasahau kwamba ni kiungo. Yangu niliichemsha kwa maji matupu. Seli hazivumilii chumvi nyingi, husinyaa na kufa. Hilo nililijua kabla sijajua kupika.

Nilirudi chuoni nikachoma na kuchemsha upya, zote bila chumvi. Safari hii zambarau ilijaa kila kisahani, isipokuwa pale nilipotia maji mazito kabisa ya nyama iliyoungua, ambapo ilififia kidogo. Kazi ilikuwa bado, ila hapakuwa na sababu ya kuzima jiko la mtu. Nikampigia simu.

"Mayu, nilikosea. Washa moto."

"Niliuwasha basi lako lilipoondoka," akasema. "Wewe endelea kupima. Ila siku nyingine, onja kwanza."