Gemu la Wakubwa

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu ninayoikumbuka kila ninapokukuta umeinamia simu yako unacheza. Ni siku niliyoingia kwenye kibanda cha video pale Kashaulili, mjini Mpanda, nikasimama mbele ya watu, nikaomba kwa sauti gemu la wakubwa.

Unacheka. Hata wao walicheka. Lakini ngoja nikueleze nilichokuwa natafuta, maana vijana wengi mpaka leo wanakitafuta na hawajui wakiiteje.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka kwetu Karema kuja Mpanda kufanya kazi kwenye mashine ya kusaga, na nilipanga chumba kimoja nyuma ya soko. Mchana kelele za mashine zilinifunika, sikulazimika kuongea na mtu. Jioni nilijipangusa unga, nikarudi chumbani, nikawa nasikia majirani wakiitana kula. Jumapili nilifundisha watoto katekisimu parokiani. Hiyo ndiyo ilikuwa saa pekee ya wiki ambayo mtu aliniita kwa jina langu.

Mwaka huo mama yangu alifariki. Habari ililetwa na dereva wa lori la dagaa, naye alikuwa amekwama njiani kwa sababu ya mvua. Nilipofika Karema, matanga yalikuwa yameshaanuliwa. Kaka yangu alinipeleka kaburini, tukasimama kidogo, kisha nikarudi kazini. Huku Mpanda sikumwambia mtu. Niliona aibu kuanza kulia wakati wenzangu wa nyumbani wameshamaliza.

Wakati huohuo Bwana Shabani, mfanyabiashara mmoja wa pale sokoni, alileta kwa treni mashine ya gemu na boksi la kaseti zake. Aliiunganisha na televisheni ya kibanda chake, na vijana wakajaa. Walipigana ngumi, walikimbiza magari, walirushiana risasi. Mimi nilikaa benchi la nyuma nikitazama. Nilikwenda pale kwa sababu palikuwa na watu, basi.

Kuna jambo lilinikaa moyoni. Mtu akifa katika yale magemu, anawakawaka mara mbili tatu, kisha anasimama tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakuna anayemlilia. Hakuna anayeuliza alikuwa mtoto wa nani. Nilitoka pale mpweke kuliko nilivyoingia. Nikajiambia, haiwezekani yote yawe hivi. Lazima yapo yaliyotengenezwa kwa ajili ya mtu mzima, yenye hadithi ndani yake, ambamo watu wana wazazi na kifo ni kifo.

Ndipo nikasimama nikasema, "Bwana Shabani, naomba gemu la wakubwa. Haya ya kitoto yamenichosha."

Wote wakageuka kunitazama. Unajua mwenyewe watu wanaelewa nini ukiwatajia mambo ya wakubwa. Shabani alishusha sauti, akaniambia, "Kijana, mimi naswali. Hayo ya wakubwa kamuulize mwingine."

Kijana mmoja akadakia, "Mwalimu wa dini kachoka kufundisha, sasa anataka kufundishwa."

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Ningeweza kujieleza, ila ningelazimika kuanzia kwa mama yangu, na huko sikutaka kufika. Nikatoka.

Jumapili iliyofuata nilikuta mtu mwingine amesimama mbele ya darasa langu. Hakuna aliyenieleza kitu. Mama mmoja alimshika mwanawe mkono akampitisha upande wa pili, mbali nami. Nilisali misa ile nikiwa peke yangu kwenye kiti cha watu watano.

Katekista wetu, Mzee Pius, alikuja kwenye mashine siku chache baadaye. Hakubeba mahindi. Alingoja mpaka mkanda uliposimama na kelele zikaisha, ndipo akaniuliza nilichokiomba kwa Shabani. Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe, ila habari za mama niliziacha. Nilitegemea anionye. Badala yake akasema, "Twende ukalitafute hilo gemu. Na mimi nilione."

Tulikwenda Jumamosi mchana. Shabani alisimama kumpisha kiti, mzee akachagua benchi pamoja na vijana, koti lake limefungwa vifungo vyote. Mimi nilipekua boksi. Chini kabisa palikuwa na kaseti yenye karatasi ya jina iliyochanika, ambayo hakuna aliyeigusa. Waliiita gemu la kusoma, kwa kuwa ilijaa maandishi ya Kiingereza na ngumi hazimo. Shabani akaichomeka, mimi nikawa nasoma na kumtafsiria mzee.

Ilikuwa habari ya kijana anayezunguka vijiji kutafuta dawa ya mama yake. Kila kijiji unasimama, unawasikiliza watu, kila mmoja ana lake linalomsumbua. Usipowasikiliza, njia haifunguki. Vijana waliguna mwanzoni, kisha mmojammoja akaanza kuuliza, "Kasemaje huyo?" Hatimaye dawa ikapatikana, kijana akarudi kwao, akakuta mama amekwishazikwa.

Hapo gemu halikumpa adui wa kupigana naye. Lilimwacha tu atembee ndani ya nyumba. Akigusa kitu, maneno yanatokea. Aligusa chungu, nikasoma. Aligusa kigoda, nikasoma kwamba hapo mama alikuwa akikaa kuchambua nafaka. Aligusa mlango, yakaja maneno mengine: hapa alisimama kila jioni, akiuliza kama umefika.

Hayo sikuweza kuyatafsiri. Machozi yalinitoka. Mzee Pius alinitazama, akavua kofia yake, akaiweka magotini kama tunavyofanya msibani.

Kijana mmoja alicheka kidogo, akasema, "Mzee, huyo mama ni wa kwenye televisheni."

"Najua," mzee akamjibu. "Lakini huyu anayelia ni wa hapa Kashaulili."

Kisha akanigeukia. "Nani kakufia?"

"Mama."

"Matanga mliweka wapi?"

"Karema. Nilikuta yameshaanuliwa."

"Na hapa kwetu?"

Nikatikisa kichwa. Jumapili baada ya misa, watu wa jumuiya walikuja kwangu. Chumba kilikuwa kidogo, wakatandika mikeka nje. Walileta unga na maharage, na yule mama aliyempitisha mwanawe mbali nami ndiye aliyesonga ugali. Shabani naye alikuja, akakaa mkekani, akaniambia kwa upole, "Ungesema unatafuta gemu la msiba, ndugu yangu, ningekuelewa." Watu walicheka, nami nikacheka, na kicheko kile kikanifikisha kwenye kilio nilichokichelewesha. Hakuna aliyeniharakisha. Jumapili iliyofuata darasa lilikuwa langu tena.

Gemu lile sikulimaliza. Mashine ya gemu iliharibika, Shabani akahama mji. Mzee Pius naye amelala siku nyingi sasa, na ninamshukuru Mungu kwamba kwenye mazishi yake niliwahi. Jioni nikikaa peke yangu, humkumbuka yule kijana wa ndani ya televisheni. Tulimwacha amesimama mlangoni kwa mama yake, na hakuna tena wa kumsogeza.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi gemu. Tafuta lenye hadithi, lile ambalo mtu akifa ndani yake unahisi pengo lake. Usiyaruke maneno ili uwahi kupigana, kwa kuwa mengi ya kumfaa mtu mzima yamewekwa humo kwenye maneno. Ukiomba kitu, kieleze mpaka kieleweke, usione haya. Na siku hadithi ya kwenye kioo itakapokuliza, weka simu chini, umtafute mtu aliye hai umwambie unamlilia nani hasa. Watu wanakaa na aliyefiwa wanayemjua. Mimi nilijificha, halafu nikalalamika kwamba nimeachwa.

Mungu aliyenisubiri wakati ule akusubiri na wewe. Akupe watu wa kukutandikia mkeka mlangoni kwako, na akujalie kufika nyumbani ungali unaulizwa kama umefika. Amina.