Mayai Meupe ya Mama Anastasia

Kuna kanga isemayo wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Aliyeitunga hakuwahi kukutana na Genoveva. Huyu aliushiriki wivu miaka mitatu mizima pale North York, Kanada, na hakupungua hata ratili. Kama ni mwili, uliongezeka.

Wivu wenyewe ulikuwa wa kumwonea wifi yake, Asumpta, dada wa mumewe Bernard. Asumpta alifanya kazi ofisini na alikaa Markham, kwenye nyumba ya peke yake yenye bustani nyuma. Genoveva alifua mashuka katika nyumba ya wazee na alikaa ghorofa ya saba. Hilo angelimeza. Alichoshindwa kumeza ni kwamba kila Pasaka Asumpta alificha mayai ya chokoleti ya rangi rangi bustanini, na watoto wa Genoveva, Anastasia wa miaka sita na Leonce wa miaka minne, wakayatafuta mpaka wakasahau kama wana mama. Kisha mwaka mzima ikawa shangazi hivi, shangazi vile. Siku moja Leonce alipokatazwa soda alisema, kwa Kiingereza chake cha puani, kwamba anataka kuhamia kwa shangazi. Genoveva aliingia bafuni, akafungulia bomba, akalia.

“Si atafute wake,” alimwambia Bernard siku hiyo, akijua fika kwamba Asumpta hakujaliwa mtoto. Bernard akachukua koti lake, akatoka. Maneno yale yakabaki humo ndani kama harufu ya dagaa.

Basi mwaka 2007 Genoveva akaapa: Pasaka hii ni kwangu. Mayai yatafichwa kwenye majani nyuma ya jengo letu, pilau italiwa mezani kwangu, na wifi ataalikwa aje aone kwa macho yake nani mama wa watoto hawa.

Sasa, Genoveva hakukulia mambo ya kuficha mayai. Kwao Bukoba, Pasaka ilikuwa misa, nguo mpya na nyama. Yai lilikuwa la kuuza au la mgonjwa. Chokoleti aliiona ni kuoza meno tu. Akanunua mayai thelathini ya kweli, akachagua meupe pe, maana kwao yai la kahawia ni la kuku wa kisasa, lakini yai jeupe ni la kienyeji, yai la heshima. Akayachemsha Jumamosi mchana.

“Mama Anastasia, hutayapaka rangi?” Bernard akauliza.

“Yai Mungu kalimaliza mwenyewe. Rangi ya nini?”

“Na redio inasema kesho theluji.”

“Mwezi wa nne huu, baba. Hata theluji ina aibu.”

Jumapili asubuhi, kabla ya misa, akashuka na beseni na kuyatawanya: chini ya vichaka, kando ya ukuta, kwenye mizizi ya mti. Akarudi juu anaimba.

Misa ya Kiswahili ilikuwa katika kanisa la kuazima, na padri siku hiyo hakuwa na haraka na mtu. Walipotoka, dunia ilikuwa nyeupe. Theluji ilianza wakati wa mahubiri, na bado ilikuwa inashuka, nene, bila aibu yoyote. Genoveva alisimama mlangoni, kitenge chake kipya kikichungulia chini ya koti, akayawaza mayai yake meupe ndani ya theluji nyeupe. Na Asumpta alikuwa ameshawasha gari, tayari kuwafuata nyumbani.

Nyuma ya jengo watoto wakapewa vikapu. Wakazunguka, wakapiga theluji mateke, wakazunguka tena. Dakika kumi zikapita wakiwa na yai moja, nalo Leonce alilipata kwa kulikanyaga.

“Pale kichakani,” Genoveva akaelekeza. “Siyo hicho, hicho kingine.” Mwenyewe alikuwa ameshasahau. Leonce akakaa chini kwenye theluji, akaangua kilio, akasema lile aliloliogopa mama yake mwezi mzima: twende kwa shangazi, kwa shangazi kuna mayai.

“Shangazi, umeleta mayai?” Anastasia akauliza. Tena kwa Kiswahili safi, mtoto yule ambaye mama yake akimsemesha Kiswahili hujibu Kiingereza tu.

Genoveva akamtazama wifi yake. Akajua hapa ndipo anapomalizwa.

“Mimi? Nimekuja mikono mitupu,” Asumpta akasema. “Leo mimi ni mgeni wa mama yenu. Haya, tuone nani atanishinda.” Akapiga magoti na gauni lake la hariri, akaanza kufukua theluji kwa mikono miwili kama anachimba viazi. Leonce alinyamaza kumtazama, kisha akajitupa kando yake. Haukupita muda, wote watano wakawa wanafukua, Bernard akiwarushia watoto theluji. Wakapata mayai ishirini na mawili. Leonce alikula mawili palepale.

Walipopanda juu, Asumpta alimwomba kaka yake akamchukulie viatu vikavu kwenye buti la gari. Bernard alikuwa anamvua Leonce soksi, basi Genoveva akachukua funguo, akashuka mwenyewe.

Kando ya viatu palikuwa na mfuko mkubwa wa mayai ya chokoleti, mekundu, ya njano, ya zambarau, na kadi mbili zenye majina ya watoto wake.

Angepaswa kushukuru. Wapi. Wivu ulimpanda upya, mbichi kuliko ule wa mwanzo. Nyumba kubwa, sawa. Gari, sawa. Na wema pia ni wake? Mtu aachiwe nini? Akachukua viatu, akalibamiza buti.

Mezani Leonce akatangaza, mdomo umejaa pilau, kwamba Pasaka ya mama imeishinda ya shangazi.

“Kweli, nimeshindwa,” Asumpta akasema, akiendelea kula.

Genoveva alikuwa ameyangoja maneno hayo miaka mitatu. Sasa yamekuja, na hayamezeki. Akaweka kijiko chini.

“Vaeni makoti,” akawaambia watoto. “Kuna mayai yenu kwenye gari la shangazi. Mkayachukue na baba.”

Watoto wakamrukia Asumpta shingoni, kisha wakatoka mbio na Bernard, wala hawakumtazama mama yao. Iliuma, mama wee, iliuma kama siku zote.

“Wifi,” Asumpta akasema polepole, “nilikuwa nimekuachia leo.”

“Najua.” Genoveva akamwekea mnofu mkubwa kuliko yote kwenye sahani. “Kula. Usidhani utanishinda kila kitu.”