Wa Kwanza Kuvuka Daraja la Mjerumani

Ko, ko, ko. Mwanangu Neema alikuwa anapiga visigino juu ya benchi la jikoni, mikono ameitanua, mimi nachambua maharage. Nikamwambia shuka, utavunjika shingo.

"Najizoeza, Mama! Ijumaa tunakwenda kuona daraja la Mjerumani. Mwalimu Mkuu amesema mimi ndiye wa kwanza kuvuka!"

Ungo ulinitoka mikononi, maharage yakatawanyika mpaka kwenye majivu. Nilipiga ukelele hata jirani akaja kuuliza nani kafa. Mtoto akalia, akidhani kosa ni lake. Halikuwa lake. Mwalimu Mkuu huyo ni Mama Mdogo Emiliana, anayemfuata mama yangu, tumbo moja. Na maneno hayo hayo aliniambia mimi nikiwa na miaka tisa.

Ngoja niwaeleze, maana nimelinyamazia jambo hili mno.

Wakati huo Mama Mdogo alikuwa mwalimu wetu wa darasa la tatu na aliishi nyumbani kwetu. Nilimpenda vibaya sana. Maji yake ya kuoga nilichota mimi, viatu vyake nilifuta mimi, na wenzangu wakinionea wivu nilishukuru Mungu. Siku ya ziara tulitoka mapema, kila mtu na viazi vyake vya kuchemsha mfukoni, tukateremka bonde la mto upande wa kijiji cha Buger. Hata kwa hasira niliyo nayo lazima nikiri, bonde lile ni zuri. Ukungu ulikuwa unajiinua taratibu kutoka mashambani, mikuyu imeinamia maji, na katikati lile daraja, jeusi, magogo yamebanwa kwa misumari minene kama vidole vya babu. Lilinuka lami ya zamani na mbao zilizolowa.

Tulimkuta mzee wa Kimasai na punda wake wamebeba mahindi. Akamtua punda mmoja mzigo, akamsukuma atangulie. Punda akanusa ubao, akaweka kwato moja, akagoma. Akachapwa, akagoma. Mzee hakubishana naye. Akamrudishia mzigo, akawapitisha wote majini, kule chini kwenye kina kifupi. Sisi tulicheka mpaka viazi vikatupalia.

Mama Mdogo hakucheka. Alitazama maji, akatazama viatu vyake vipya, kisha akaniita. "Njoo, mwanangu. Wewe ndiye wa kwanza kuvuka daraja la historia."

"Kwa sababu ni mama yake mdogo!" wenzangu wakanung'unika. Nikapanda darajani kichwa kimevimba.

Yule mzee, keshafika ng'ambo, akapaza sauti: "Mwalimu! Huyo ndiye punda wako?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nilidhani ananitukana.

Sikufika hata katikati, ubao ukaachia. Mguu ukazama mpaka pajani, nikakumbatia gogo, maji yananguruma chini yangu. Mama Mdogo hakuja. Alisimama ukingoni na kusema, kwa sauti ile ile ya kusahihisha hesabu: "Basi, tumejua. Rudi polepole."

Nyumbani alimwambia mama, "Mtundu huyu! Alinitoroka akakimbilia darajani." Nikachapwa huku paja linavuja damu. Nilimtazama Mama Mdogo aseme neno. Alikuwa anapuliza chai.

Na mimi, mjinga, sikumchukia. Niliamini nimevunja daraja la historia kwa kukanyaga vibaya, na kwamba yeye alinifichia siri. Miaka mingi nikiona gari la serikali najificha kwenye mahindi. Nimemaliza kidato cha nne, nimeolewa, ndipo nikaenda Nainokanoka kumsalimia wifi yangu, nikaona wafugaji wanavyotanguliza punda asiye na mzigo kila mahali wasipopaamini. Nilikaa chini palepale njiani. Mzee yule hakunitukana. Alikuwa anamuuliza mwalimu swali.

Basi jioni ile ya maharage nikamfuata Mama Mdogo kwake.

"Mama Mdogo, mbao zimebadilishwa?"

"Mbili tatu. Usianze. Neema ni mwepesi."

"Na mimi nilikuwa mwepesi?"

"Si ulipona? Si wewe huyo umesimama hapo unanipigia kelele?"

Mama alinisihi nisimwaibishe mdogo wake. Sikukesha nikibishana na mtu. Asubuhi nilikwenda ofisi ya elimu ya kata, nikasimama pale mpaka barua ikagongwa mhuri. Niliandika hivi:

"YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MWALIMU MKUU

Mimi ni mzazi wa Neema, darasa la pili. Nalalamika kwamba Mwalimu Mkuu amepanga mwanangu atangulie kwenye daraja bovu ili ijulikane kama linabeba. Nilipokuwa mwanafunzi wake alinifanyia hivyo hivyo, nikaumia, kisha akawadanganya wazazi wangu. Kovu ninalo na nipo tayari kulionyesha. Ni mama yangu mdogo, lakini undugu huo usiwazuie kufanya kazi yenu. Naomba Ijumaa watoto wabaki darasani. Kama daraja ni zima, atangulie yeye."