Kimbunga Kisichofika Ng'ambo

Mwaka ule wanunuzi binafsi walipoanza kupanda hadi kijijini kwetu Mapera kugombania kahawa yetu, baba alinunua redio, na kwa redio hiyo kimbunga kikaingia nyumbani. Kilizaliwa mbali, katikati ya Bahari ya Hindi. Kaka yangu alikuwa humo humo baharini, baharia wa meli ya mizigo, na hatukujua meli ilikuwa upande gani.

Kila jioni mtangazaji alisema kimefika wapi, kisha, bila hata kuvuta pumzi, akasoma mambo ya siku kama ya leo: mfalme fulani alivikwa taji, daraja fulani lilifunguliwa, mtu fulani alivuka jangwa kwa miguu. Mimi niliyapenda. Nililala na wafalme hao, wakitembea kwenye ukungu wa milima yetu, mataji yao yakilowa. Mama aliyachukia. Alisema kumbe kila siku ilishatumika, na aliogopa asije akasikia siku ya mwanawe ikisomwa.

Mama alizaliwa ufukweni mwa ziwa, Mbamba Bay, akaolewa milimani. Kwao, mtu akiwa majini, chombo hakifudikizwi nyumbani, maana mtumbwi nao unaweza kuiga. Basi sufuria, bakuli, hata ndoo, vyote vikakaa midomo juu vikijaa vumbi la maganda ya kahawa, na mwoshaji ni mimi, kila asubuhi, nikinung'unika.

Dhoruba za ziwani alizijua. Upepo wa kusini huamka, hupiga, hufika ng'ambo, basi. Hewa ikitakata milima ya ng'ambo unaiona kwa macho. Kwa hiyo kila jioni aliuliza kimbunga kitafika ng'ambo lini. Nilimfunulia ramani ya shule nikamwonyesha kwamba bahari ile haina ng'ambo ya karibu. Hakuniamini. Kimbunga kilikuwa kimepewa jina la kike, naye akakataa kulitamka.

"Huyo mwanamke anamtakia nini mwanangu?" aliuliza.

Kimbunga kikazunguka. Kililegea, tukashukuru, kikapata nguvu tena. Kahawa ilikauka vichanjani ikaondoka, nacho kingali kinazurura. Mama akaanza kusinzia mchana, na akiamka alishika ukuta, akisema sakafu inakwenda kama mtumbwi. Niliogopa sana, na nilimwogopea yeye kuliko kaka.

Jioni moja mtangazaji akasema kimekwisha, huko kusini kabisa, bila kugusa nchi kavu. Akaendelea na siku kama ya leo.

Baadaye kidogo mwenye duka la vitambaa pale Mbinga mjini, mzee mwenye asili ya Kilwa ambaye simu yake ndiyo iliyokuwa simu yetu sote, alituma mtu: kaka amepiga, atapiga tena kesho baada ya alasiri. Kesho yake tukaenda. Mimi nilimwamkia mzee shikamoo; mama alisahau hata kusalimu. Simu ilipolia aliikamata kwa mikono miwili.

Kaka alipaza sauti hata mimi nikamsikia. Meli yao ilikuwa imejificha bandarini tangu mwanzo. Walicheza karata tu, wakanenepa. Alikuwa akicheka.

Mama hakucheka. Mzee alimsogezea kiti, akaketi.

"Kumbe," alimwambia mwanawe, "kule baharini nilikuwa peke yangu."